Nilipanda Sanje, shangazi akaniuliza habari za kuni

Naishi Morogoro mjini, na wageni wangu wote huwa nawapeleka Mikumi. Udzungwa, hifadhi ya milimani, nilikuwa naipita tu nikienda kumsalimu shangazi Mang'ula. Basi la Ifakara linaacha barabara kuu pale Mikumi, linashuka Kidatu, linavuka Ruaha Mkuu, kisha unaanza kuona miwa kushoto na mlima kulia mpaka unashuka. Miaka yote hiyo mlima nimeuangalia kupitia dirisha la basi. Safari hii nikasema niuingie.

Kwanza nilipigwa. Nilinunua kifurushi kwa wakala mmoja wa mtandaoni, jina namhifadhia, akaniambia maporomoko ya Sanje ni matembezi ya saa moja, hata kandambili zinatosha. Ndugu zangu, vaeni raba zenye meno. Kwenda na kurudi ni kama saa nne kwa mtu mwenye pumzi, na sehemu kubwa unapandisha, mara ngazi, mara mizizi. Na yale aliyonitoza ningeyafanya mwenyewe: unafika ofisi za hifadhi Mang'ula, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapangiwa mwongozaji, mnaelekea kijiji cha Sanje njia inakoanzia. Raia tunalipa kwa shilingi, na hakuna ulinganifu na anacholipa mgeni wa nje.

Sasa raha yenyewe. Hifadhi hii ina kilometa za mraba 1,990, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1992, na huizunguki kwa gari. Unatembea. Mwenye V8 na mimi niliyekuja na bajaji tulipanda ngazi zilezile, na nisiwafiche, yeye ndiye aliyekuwa anahema zaidi. Hakuna vumbi la magari kumi yaliyomzunguka simba mmoja. Unachokisikia ni maji, ndege, na matawi yakitikiswa juu yako.

Suala la kulazimishwa mwongozaji liliniudhi mwanzoni. Nilidhani ni njia ya kuongeza bili. Kumbe bila yeye ningepita chini ya mbega wekundu bila kuinua kichwa, na mbega wale hawapatikani popote duniani nje ya milima hii na kandokando yake. Ng'olaga hatukumwona. Mwongozaji akatueleza kwamba wanasayansi walimtambua kima huyo mwaka 1979, hapahapa Sanje, ilhali wenyeji walikuwa na jina lake zamani. Nikacheka. Mtu "anagunduliwa" na huku jirani anamjua kwa jina!

Poromoko kubwa linashuka takribani mita 170. Sitalielezea sana, picha mtaziona. Maji ni ya baridi ya kukata, na nilioga. Kilichonikamata ni ukiwa juu ukageuka kuangalia bonde la Kilombero. Miwa imepangwa kama mkeka, reli ya TAZARA inapita, na kule ng'ambo kuna doa jeusi la msitu wa Magombera umezingirwa na mashamba. Huku kwenye mlima, msitu unaishia palepale kilimo kinapoanzia. Hakuna kitu katikati, utadhani mtu amepitisha wembe.

Na njiani nilipita magogo makavu, makubwa, yameanguka yanaoza. Nikamkumbuka shangazi. Hadi 2011 wanavijiji wa upande huu walikuwa wanaruhusiwa siku maalumu katika wiki kuingia kuokota kuni kavu. Kisha ruhusa ikafungwa, kwa sababu nyuma ya kuni kavu kulikuwa kunaingia mapanga ya kukata mbichi, nguzo na mitego ya wanyama. Shangazi ana jibu lake: "Sisi tulikuwa tunaokota. Waliokuwa wanakata tunawajua, na hawakuwa wanatuuliza sisi."

Mimi nakubaliana na kufungwa, na nilimwambia. Watu wa bonde wameongezeka, msitu haujaongezeka, na maji anayokinga bombani yanatoka mlimani hukohuko. Lakini sikulisema kwa sauti kubwa. Ni rahisi kwangu mwenye mtungi wa gesi jikoni, ninayelipa kiingilio siku moja nikaogelea nikarudi mjini. Yeye amepanda mikaratusi yake nyuma ya nyumba, isipotosha ananunua mzigo. Na mahindi yake yameshaliwa na tembo mara mbili. Jirani zake wametundika mizinga ya nyuki kwenye uzio maana tembo anaogopa nyuki, na siku hizi barabara ya Ifakara imetengenezewa kivuko cha tembo kupita chini yake, wavuke kati ya Udzungwa na Magombera. Mkipita hapo ombeni dereva apunguze mwendo, mtakiona. Kwa maoni yangu hicho ni sehemu ya utalii pia, ingawa hakimo kwenye kifurushi chochote.

Njia ya Sanje naipa nyota tano. Wakala, moja, na hiyo ni kwa sababu alipokea simu. Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei njia inateleza vibaya. Nendeni asubuhi na mapema, bebeni maji, na mfuko wa kurudisha taka zenu.

Jioni nilikaa na shangazi jikoni. Hakuniuliza maporomoko yakoje. Aliniuliza, "Kuni bado zipo nyingi kule?" Nikamwambia zipo, zinaoza. Akapuliza moto, akanyamaza. Baadaye nikamweleza kwamba karibu na ofisi kuna poromoko dogo la Prince Bernhard, si mbali, magoti yake yatafika. Juni nitamlipia kiingilio twende wote. Ameshaniuliza kama kanga inaruhusiwa.