Ruzuku ya mshahara wa wanafunzi Kanada: tathmini ya mwajiri mdogo

Kampuni yetu ya watu 4 hapa Alberta huchukua sampuli za maji na udongo. Kiangazi kilichopita tulimwajiri mwanafunzi wa chuo kwa wiki 16 kupitia Student Work Placement Program, mpango wa serikali kuu ya Kanada ulioanza mwaka 2017, ambao humrejeshea mwajiri nusu ya mshahara, isizidi dola 5,000, au asilimia 70, isizidi dola 7,000, iwapo mwanafunzi ni mhamiaji wa karibuni, yuko mwaka wa kwanza, ana ulemavu, anatoka jamii za wenyeji wa asili, au ni mwanamke anayesomea sayansi.

Piga hesabu kwa kikomo, usidanganywe na asilimia. Binti tuliyemchukua, mzaliwa wa Bukavu aliyekwisha kupewa hifadhi ya ukimbizi, alifanya saa 640 kwa dola 20, yaani dola 12,800. Asilimia 70 yake ni dola 8,960, lakini tulirejeshewa 7,000 tu, na 5,800 zikabaki juu yetu.

Hata hivyo sijutii. Wiki ya kwanza alikuwa akijaza chupa kwanza ndipo aandike kibandiko, na wino ukatambaa kwenye karatasi iliyolowa mpaka namba ya kisima isisomeke. Kufikia mwezi wake wa tatu kazini alikuwa akiandika vibandiko vyote garini, chupa zikiwa kavu, kabla hajavaa buti za mpira. Bila ruzuku nisingethubutu kutumia siku nzima kumfundisha mtu jambo hilo.

Kasoro kubwa ni kwamba mwajiri hulipa kwanza. Shirika lililotushughulikia lilirudisha hati zetu za malipo mara 2 kwa sababu ya tarehe ambazo halikuwa limetueleza, na fedha zikaingia wiki 11 baada ya binti kurudi darasani. Asiye na akiba ya kubeba mshahara wote muda huo asiombe kwanza.

Linaloniuma zaidi ni sharti la uraia, ukaazi wa kudumu au hifadhi, kwa kuwa wanafunzi wa kigeni, wakiwemo vijana wetu wa Kenya na Tanzania wanaosomea mazingira hapa, hawahesabiwi kabisa. Kijana mmoja wa Tanga alituletea maombi mazuri, na mshahara wake kamili hatukuwa nao.