Tumbaku ya Ennerdale kutoka Kendal: manukato kwanza, ukali baadaye

Ennerdale Flake ni tumbaku ya kiko inayotengenezwa na kampuni ya Gawith Hoggarth mjini Kendal, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, nayo ni mfano bora wa mtindo uitwao Lakeland, uliopewa jina la eneo la maziwa na milima lililo jirani na mji huo. Biashara ya tumbaku ya Kendal ilianzia kwenye ugoro mwaka 1792, na kampuni zake mbili kongwe, Samuel Gawith na Gawith Hoggarth, ziliungana mwaka 2015.

Tumbaku nyingi za kiko zenye ladha hutiwa vanila, cheri au kitu kingine cha utamuutamu. Watu wa Kendal hawaishii hapo, kwani wao hutia waridi, jeraniamu, lozi na tonka, mbegu ya mti wa Amerika Kusini ambayo harufu yake hutokana na kemikali iitwayo kumarini. Wavutaji wengi wa Ulaya na Marekani huilalamikia tumbaku ya namna hii kwamba inanuka sabuni. Kwa mtu wa Malindi aliyelelewa katika nyumba inayofukizwa udi, na ambaye amerashiwa marashi ya waridi maulidini tangu utotoni, lawama hiyo ni ngumu kuielewa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Shela alipopita barazani na kusikia harufu yake, aliniuliza, "Mwanangu, unavuta au unafukiza?" Sikuwa na jibu la maana.

Ukifungua mfuko wake, harufu ya lozi ndiyo inayotangulia, kisha maua, kisha kitu kama peremende ya matunda. Tumbaku yenyewe ni majani yaliyoshindiliwa yakawa bamba, kisha yakakatwa vipande vyembamba, virefu na vyeusi kiasi, na huja na unyevu mwingi mno kwa mji wa pwani kama huu. Msimu wa kusi, hewa inapojaa maji, kuianika juu ya karatasi barazani hakusaidii sana. Ni afadhali kuifikicha kwa vidole, kuiacha ndani ya chumba kikavu hadi isigande tena inapobinywa, ndipo ujaze kiko bila kushindilia. Ukiwa na haraka utachoma kiberiti kizima na ulimi wako pia.

Ikishakolea moto, manukato hupungua na majani huanza kujitambulisha: tumbaku ya aina ya Virginia kwa wingi, na pamoja nayo majani ya Malawi yaliyokaushwa juani. Hapo ndipo ninapoiheshimu, kwa sababu harufu ya maua haikuwekwa kuficha tumbaku duni. Hata hivyo haifai kuvutwa kwa tumbo tupu, na asiyezoea nikotini asidanganywe na upole wa harufu yake. (Ndugu yake, 1792 Flake ya Samuel Gawith, inayonukia tonka, ni kali zaidi, hiyo ni ya baada ya pilau, na hata hapo kwa kiasi.)

Kasoro yake kubwa ni kwamba haitoki. Kiko cha mbao kilichovutiwa Ennerdale kitaendelea kunukia Ennerdale hata ukikijazia tumbaku nyingine, kwa hiyo itengee kiko chake, au tumia cha gunzi la mahindi ambacho ni rahisi na hutakililia kikiharibika. Mkebe wake pia uwe wa kioo na wenye mfuniko wa kukaza, mbali na kahawa na viungo vya jikoni.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu kuvuta mahali pa umma, basi usiibebe kwenda nayo mkahawani. Barazani kwako inatosha, mradi wa nyumbani wameridhia moshi. Asiyevuta sina sababu ya kumshawishi aanze. Mvutaji wa kiko aliyechoshwa na vanila namshauri aagize gramu chache kwanza, kwa maana tumbaku hii hupendwa au huchukiwa tangu kiko cha mwanzo, na ushuru wa forodha hauangalii umeipenda au la.