Niliwapelekea jani la lusani, hawakulitazama

Sina desturi ya kulalamikia maduka, lakini duka hili la pembejeo katika mji wetu huku Nyandarua limenifikisha mahali pa kuandika.

Mvua za masika zilipokolea, majani ya chini ya lusani yangu, ile lishe ya ng'ombe, yaliingia madoa ya kahawia, madogo kama kichwa cha pini, kisha yakawa manjano na kupukutika hata mashina yakabaki vijiti. Niliyafunga machache katika gazeti nikayapeleka dukani. Mhudumu hakuinua macho kwenye simu yake. "Mama, hiyo ni njaa ya mbolea," alisema, na nilipolifungua gazeti juu ya kaunta ili ajionee, aliniambia nisimchafulie mahali pa kazi. Nimchafulie, katika duka linalonuka dawa ya kupe hadi barabarani! Aliniuzia mbolea ya majani, nikainyunyiza jioni tatu mfululizo, na kwa kuwa kuvu hustawi jani likilala na maji, naona nilikuwa nikiumwagilia ugonjwa wenyewe.

Nilirudi kwa ugomvi. Yule bwana hakuwapo. Alikuwapo binti aliyekuja kwa mafunzo ya kazi, ambaye kabla ya kusema lolote alilisugua jani kwa karatasi nyeupe. "Ungekuwa ugonjwa wa kutu, mama, karatasi ingebaki na unga mwekundu." Kisha alinipa lenzi, na katikati ya doa nikaona kiuvimbe kidogo cheusicheusi kilichoinuka, alama ya kuvu liitwalo Pseudopeziza. Hakuniuzia dawa. Aliniagiza nikate lusani mara moja, ingawa haijatoa maua, kwa sababu protini nyingi iko kwenye majani na yalikuwa yakianguka. Ningoje umande ukauke, nianze na kipande kichanga chenye afya, nimalizie na kilichougua, nisije nikahamisha ugonjwa kwa mundu na viatu. Ng'ombe walikula, na machipukizi yaliyofuata yalitoka safi, au tuseme karibu safi.

Kwa hiyo sitasema tena kwamba duka halifai, kama nilivyokusudia nilipoanza kuandika. Muulizieni binti. Akiwa hayupo, rudini nyumbani na majani yenu, kwani yule bwana bado anasimama kwenye kaunta ileile, na chupa yangu iliyobaki nusu alikataa kuipokea akisema imekwisha kufunguliwa.