Kipima radoni cha betri: miezi minne nacho, maoni yangu

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya siku ya kwanza tu. Nikakitoa kwenye boksi, nikatia betri, nikakiweka juu ya kabati kwenye chumba cha chini, baada ya saa moja kikaandika bekereli 38 (ndo kipimo cha mionzi, namba zangu zote hapa ni hizo kwa mita ya ujazo) nikajipongeza mwenyewe kama mjinga. Kumbe madirisha yote yalikuwa wazi tangu asubuhi! Usiku tukafunga tukalala, kulipokucha naenda kuangalia naona 260 na kataa kekundu kanawaka. Karatasi ya maelekezo haikuambii kwa herufi zinazosomeka kwamba namba ya saa za mwanzo si ya kuitegemea, maana radoni inapanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo, we angalia wastani wa wiki kwenda mbele, tena miezi mitatu ndo unajua nyumba yako ikoje.

Kwa ambao hawajaisikia, radoni ni gesi inayotoka kwenye udongo na miamba yenye uraniamu, haina rangi wala harufu, haikukohozi wala haikuumizi kichwa, inapenya kwenye nyufa za sakafu na pembeni ya mabomba inajikusanya ndani. Ukitoa sigara ndo inayofuata kuleta kansa ya mapafu, na ukiwa mvutaji ndo balaa zaidi. WHO wanasema ikiwezekana isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, ikishindikana kabisa basi isivuke 300. Kule Marekani mwaka 1984 kuna injinia wa kinu cha nyuklia, Stanley Watras, kila akipita vipima mionzi vinapiga kelele na kinu chenyewe hakijaanza hata kufanya kazi, kumbe mionzi ya radoni anakuja nayo kutoka nyumbani kwake.

Sasa uzuri wa hiki kidude. Vile vimkebe vya mkaa vya kutuma maabara unapata namba moja basi, hiki kinakuonyesha kama ulichofanya kimesaidia au umejichosha bure. Mimi nilianza kuziba nyufa kwa silikoni, Jumamosi nzima niko magotini, wastani ukatoka 240 ukaja 205. Nilinuna! Fundi alipokuja akanambia kuziba peke yake hakutoshi, hewa ya moto ikipanda juu nyumba inaivuta ya ardhini kama mtu anavyovuta soda kwa mrija, akatoboa sakafu akapitisha bomba, feni akaifunga darini mbali na vyumba, mdomo wa bomba ukatokea juu ya paa. Hiyo feni haizimwi usiku wala mchana, na inanguruma kidogo, utaizoea. Kesho yake naona 90, wiki inaisha 45, na hapo ndo imekaa mpaka leo.

Kioo hakina mwanga kwahiyo usiku unasoma kwa tochi ya simu, na apu yake inapoteza blututhi ukipanda ngazi tu, mi nishaifuta.

Ukinunua kiweke chumba mnachokaa sana, usawa wa pumzi, mbali na bafu na jiko, halafu waambie wa nyumbani wasikiguse. Changu kuna mtu alikihamishia dirishani karibu na maua, mi naona 12 nikampigia fundi kumsifia dakika kumi nzima.