Niliinua mkono, akaushusha

Bei ya kutibiwa jino sitaigusa, mapokezi watakutajia. Mimi naongelea mkono wangu.

Kipindi cha mvua gego la chini lilinianza, usiku silali. Kung'oa sikutaka, nikaenda kliniki moja hapa Kigoma mjini wanakotibu mzizi: wanatoboa jino, wanatoa neva iliyoharibika, wanasafisha mifereji, wanaziba. Daktari akanichoma ganzi nyuma ya taya, akasema, "Mama, ukisikia maumivu inua mkono." Mdomo haujafa ganzi vizuri, drili inalia.

Ilipogusa ndani, jamani! Nikainua mkono. Yule bwana akaushika, akaushusha, akaulaza tumboni kwangu, huku anaendelea kuchimba! "Mdomo si umekufa ganzi, mama? Hiyo hofu tu." Nikauinua tena. Akamwambia nesi anishike. Anishike! Mimi mbuzi wa Idi? Nikanyanyuka na pamba mdomoni, nikadaiwa hela yote. Msimamizi naye: "Pole mama, meno ndivyo yalivyo."

Nilikuwa nimeshaandika hapa msikanyage pale, nikafuta. Maana jino liliachwa wazi, ikabidi nirudi, nikamkuta daktari mwingine, binti mpole. Alikuwa amenipigia kabla, akauliza kama nina vidonda vya tumbo au tatizo la figo. Sina, akasema nimeze ibuprofen ya miligramu 400 saa moja kabla. Akanieleza kuwa neva ikishavimba ndani ya jino, ganzi inakuwa ngumu kushika, na mdomo kufa ganzi si ushahidi kwamba jino nalo limelala. Alichoma, akasubiri, akaligusa jino kwa pamba ya baridi kali. Nikaruka. Hakunibishia! Akaongeza sindano pembeni ya fizi, na ya mwisho ndani ya neva yenyewe. "Hii itauma sekunde chache, dada yangu, halafu basi." Iliuma kweli, kisha kimya. Nilisinzia kwenye kile kiti, wallahi. Ganzi ilipoisha jioni liliuma kidogo tu, panadol ikatosha.

Sasa gego linatafuna mgebuka mkavu bila shida. Nyota nne basi. Hapana, mbili. Kila nikikumbuka nilivyolaziwa mkono tumboni nataka kurudi nikatukane, kwa sababu ganzi ya kuongeza ilikuwepo kabatini siku ile ile, na yule bwana bado yupo kazini.

Mkienda, ulizeni kwanza ni zamu ya nani.