Riviu yangu ya daladala za Dar: penye hela zinafika zenyewe, pasipo na hela utasubiri sana

Nimepanda daladala Dar es Salaam zaidi ya miaka 15, karibu kila siku, kwaiyo leo naomba nizitolee riviu kama watu wanavyotoa riviu za simu na hoteli. Kilichonisukuma ni ubishi wa soko huria. Mmoja anasema serikali ijitoe kila kitu, mwingine anasema wafanyabiashara wote ni wanyonyaji, na mimi kila nikiwasikia nawaza daladala tu maana ndo soko ninalolipanda asubuhi na jioni.

Tuanze na sifa, wanastahili. Wazee wetu wanaikumbuka UDA, shirika la umma la mabasi lililoanzishwa 1974 likabebeshwa jiji zima. Uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera mafuta yakawa shida, spea shida, mabasi yakawa yanalala gereji na watu wanatembea kwa miguu. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujificha, mpaka 1983 serikali ikaona bora iruhusu tu. Jina lenyewe wanasema limetoka kwenye dala, ile sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli.

Na hili nimeliona kwa macho yangu. Nilivyohamia Kivule, pembezoni mwa jiji, kulikuwa mchanga mtupu, usafiri ni bodaboda na mvua ikinyesha hata bodaboda hazitaki. Watu wakazidi kujenga, zikaja bajaji, baadae Noah, baadae vihiace vilivyochoka kabisa. Hakuna mkutano wa mtaa uliokaa kuviomba, dereva wa kwanza alijaribu akaona gari linajaa, wenzake wakamfata. Vijana wangapi wamepata ugali hapo, dereva, konda, deiwaka, mpiga debe, fundi, mama wa chai kituoni! Kwa kufika kwa watu nawapa nyota 5 kati ya 5 na sirudishi hata moja.

Sasa ukitaka kujua soko linapogota, simama kituoni saa 12 na nusu asubuhi shule zikiwa zimefunguliwa. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshakaa siti ya dirishani, konda yuko mlangoni, noti kazikunja kwa urefu kazibana vidoleni, sarafu anazichezesha kiganjani, anasema "denti wawili wametosha, wametosha" na mkono wake umeziba mlango. Kuna kabinti ka darasa la tano hivi kakainama kapite chini ya mkono, kakasukumwa na kiwiko, kiatu kimoja kikachomoka kikabaki barabarani. Gari likaondoka na siti tatu wazi, nilizihesabu. Nikamwambia "kaka hao si watoto wetu jamani?" akanijibu bila hata kunikasirikia, "broo, kwani hesabu utanilipia wewe?"

Niliumia sana lakini swali lake lilinikaa kichwani siku nzima, maana lina ukweli. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake, yani ile hela aliyowapangia, kila jioni, iwe imenyesha iwe limewaka. Mafuta ni ya dereva na konda, kinachobaki ndo chao. Nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, mwisho wa 2023 ni 600, ya mwanafunzi ni 200. Kwaiyo kila denti aliyekaa kwenye siti ambayo ingekaliwa na mtu mzima, konda kapoteza 400. Wakiwa kumi ni 4,000 kwa tripu moja, na asubuhi ndo muda pekee wa kuvuna. Sisi kama nchi tumesema mtoto alipe 200, vizuri sana, naunga mkono, ila ile 400 iliyobaki tumemwachia kijana asiye na mkataba aibebe mfukoni mwake. Soko haliwezi kulitatua hilo hata lingekuwa na magari elfu zaidi, kwa sababu mtoto hana hela ya kushindana na mtu mzima. Hapo lazima mtu mwingine alipe tofauti, na huyo mtu ni sisi wote kwa kodi zetu. Kupiga fimbo makonda haitoshi.

Usiku ni hivyo hivyo. Ikifika saa 5 gari lililoandikwa Kivule linaishia Banana, kabla ya kufika, abiria wachache dereva anakatisha ruti, mnashushwa gizani kinamama na mizigo yao. Nyota 1.

Na barabara zenyewe je? Mia moja wenye Coaster wanaweza kushindana nani awahi kituoni ila hakuna hata mmoja atakayejenga yeye peke yake njia ya mabasi. Ile njia ya mwendokasi ya Kimara mpaka Kivukoni, kilomita kama 21 ukijumlisha na matawi yake ya Morocco na Kariakoo, iliyoanza kubeba watu 2016, imejengwa kwa hela ya umma na mkopo wa Benki ya Dunia. Kwaiyo anayesema serikali ikae pembeni kabisa naomba aniambie njia hiyo ingetoka wapi, na anayesema irudi kumiliki kila basi naomba amuulize mzee wake habari za UDA.

Kwa ujumla daladala nazipa nyota 3 na nitaendelea kuzipanda. Jumatatu hii nilikakuta tena kale kabinti, pale pale, mkono wa konda uko mlangoni kama kawaida. Nikamwambia huyo namlipia mimi, nauli ya mtu mzima. Mkono ukashuka hapo hapo na akambebea na begi.