Famasi ya nyuma ya soko la Majengo: wanauliza kabla ya kuuza dawa ya fangasi

Kwa mkazi wa Dodoma anayetumia dawa za kufubaza makali ya VVU na akapatwa na fangasi, ninaipendekeza famasi hii ndogo iliyo mtaa wa nyuma ya soko la Majengo, kwa kuwa mfamasia wake hauzi kidonge cha fangasi kabla ya kujua mteja anameza nini kingine.

Mama mdogo, ambaye ameniruhusu kuandika haya, yuko kwenye dawa za VVU za mstari wa pili, zinazotolewa zile za kwanza zikishindwa, yaani atazanaviri pamoja na ritonaviri. Alifika na cheti cha itrakonazoli, dawa ya fangasi, kwa ajili ya kucha za miguu: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, wiki moja katika kila mwezi. Mfamasia, ambaye ni kijana, alimwamkia, akakisoma cheti mara mbili, akakiweka chini. Ritonaviri huzuia vimeng'enya vya ini ili atazanaviri idumu mwilini, lakini vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyoivunja itrakonazoli, ambayo sasa hulundikana; ndiyo maana anayetumia ritonaviri hashauriwi kuzidisha miligramu 200 kwa siku, naye alikuwa ameandikiwa 400. Akamwuliza kama miguu humvimba, kwani itrakonazoli inaweza kudhoofisha moyo, kisha akauliza kuhusu dawa za vidonda vya tumbo. Swali hilo sikulitarajia, kumbe kapsuli za itrakonazoli na atazanaviri zote huhitaji asidi ya tumbo ili zifyonzwe, na omeprazoli huipunguza asidi hiyo. Alimpigia simu daktari papo hapo, wakakubaliana atumie terbinafini, dawa nyingine ya fangasi ambayo haigongani sana na ritonaviri, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, ila apime ini kwanza.

Wala hatishi watu ovyo. Wanaotumia kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri huwaambia wazi kwamba flukonazoli, kidonge cha kawaida cha fangasi, haina mgongano wa maana na dawa yao. Kwao hukazania zaidi dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, ambazo huzuia dolutegraviri kufyonzwa, hivyo dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye.

Kasoro kubwa ni kaunta. "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" huulizwa foleni ikiwa imekubana mgongoni, na mwenye siri yake atajibu kwamba hakuna, hapo ujuzi wote wa mfamasia unakuwa bure. Kipo chumba kidogo pembeni chenye viti viwili na pazia, lakini hakuna anayekuambia kwamba kipo, hivyo uombe mwenyewe, au umwoneshe kimyakimya picha ya kopo lako la dawa kwenye simu. Nenda asubuhi. Jioni hubaki msaidizi ambaye ukitaja fangasi tu anakukatia flukonazoli na kukurudishia chenji, na kwa huduma hiyo hakuna haja ya kupita maduka mengine yote ya Majengo.

Terbinafini huwa wanayo. Dozi nzima ni vidonge 84, na hawapunguzi bei, ila wanakubali ununue kwa awamu na huandika kwenye daftari tarehe unayotakiwa kurudi.